Uweke akiba kiasi gani ili uzee usikutese: hesabu kamili kwa mfanyakazi wa Tanzania

Maswali ni yaleyale kila mara. "Milioni mia inatosha kustaafia?" "Nikatwe asilimia ngapi ya mshahara?" "NSSF peke yake itanitosha?" Hakuna anayeweza kukujibu kabla hajajua unakula nini, unalala wapi na nani anakutegemea. Kiasi unachohitaji kinatokana na matumizi yako, si mshahara wako, na wala si namba aliyoitaja mtu kijiweni. Fuata hatua hizi kwa mpangilio na utaipata namba yako mwenyewe kwa jioni moja.

Mwongozo umelenga zaidi aliyeajiriwa na anayechangia NSSF (mfuko wa pensheni wa sekta binafsi) au PSSSF (wa watumishi wa umma). Aliyejiajiri ana sehemu yake baada ya hatua ya 9, lakini naye aanze na hatua ya 1 na ya 2.

Kabla ya kuanza, kuwa na hivi:

- Taarifa ya michango kutoka kwenye mfuko wako. Inapatikana mtandaoni kwa mwanachama aliyejisajili, au ofisi yoyote ya mfuko ukiwa na kitambulisho.
- Hati ya mshahara ya miezi mitatu ya karibuni.
- Taarifa ya benki na ya pesa za simu ya miezi mitatu. Usitegemee kumbukumbu, kumbukumbu husahau soda, bando na nauli ya bajaji.
- Orodha ya madeni yote, na tarehe kila moja linapokwisha.
- Daftari, kalamu, na kikokotoo cha simu.

Mwenzi wako awe karibu pia. Hesabu ya kustaafu iliyofanywa na mmoja kwa siri huvunjika siku mwingine anapotaja ada ya mtoto wa mwisho.

Kanuni moja kabla ya hesabu yoyote: fanya kila kitu kwa thamani ya shilingi ya leo. Usijaribu kukisia mchele utauzwaje mwaka 2045. Mfumuko wa bei Tanzania umekuwa chini ya asilimia 5 kwa miaka ya karibuni, lakini mwishoni mwa 2011 ulikaribia asilimia 20, kwa hiyo tutatumia asilimia 5 kwa tahadhari. Kwa kasi hiyo, kinachonunuliwa leo kwa 1,000,000 kitahitaji takriban 2,650,000 baada ya miaka 20. Mfumuko tutauingiza sehemu mbili tu, na nitakuonyesha wapi.

Hatua ya 1: Andika umri miwili

Wa kwanza ni umri wa kuacha kazi. Kwa sheria yetu, hiari ni 55 na lazima ni 60. Wa pili ni umri ambao pesa lazima ziwe bado zipo: andika 90. Usitumie wastani wa umri wa kuishi unaosomwa kwenye taarifa za habari. Wastani ule unahesabu hata watoto waliofariki wachanga. Mtu aliyekwisha kufika 60 ana safari ndefu kuliko unavyodhani, na wanawake zaidi.

Mfano wetu kuanzia hapa: mfanyakazi wa sekta binafsi, umri 40, mshahara ghafi 1,500,000 kwa mwezi, amechangia NSSF miaka 10 bila kukatika, na anataka kustaafu akiwa na 60. Akitoa mchango wake wa asilimia 10 na kodi ya mshahara, mkononi anapata karibu 1,117,000.

Hatua ya 2: Andika bajeti ya mwezi ya mstaafu, si ya mfanyakazi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Chukua matumizi yako ya sasa, kisha pitia mstari kwa mstari ukijiuliza: nikiwa na 65, hiki kitakuwepo? Kitapungua au kitaongezeka?

Vinavyokwisha au kupungua: nauli ya kila siku, chakula cha mchana mjini, nguo za kazi, ada za shule (kama mtoto wa mwisho atakuwa amemaliza, na hapo hesabu kwa vidole, usikisie), marejesho ya mikopo, na mchango wenyewe wa mfuko.

Vinavyoongezeka: dawa, vipimo, miwani, meno, msaidizi wa nyumbani, na umeme, kwa sababu mtu aliye nyumbani kutwa nzima anaitumia Luku kutwa nzima. Michango ya harusi na misiba haipungui. Mzee ndiye anayekaa meza ya mbele, na meza ya mbele ina bei yake.

Bajeti ya mfano wetu, akiwa na nyumba yake:

- Chakula: 360,000
- Umeme, maji, gesi: 85,000
- Simu na intaneti: 30,000
- Usafiri: 70,000
- Matibabu na dawa: 140,000
- Ukarabati wa nyumba na vitu vinavyoharibika: 90,000
- Msaidizi wa kazi: 80,000
- Michango, sadaka na kusaidia ndugu: 110,000

Jumla 965,000. Ongeza asilimia 10 ya dharura, upate karibu 1,060,000 kwa mwezi.

Usiuache mstari wa ukarabati. Bati, pampu ya kisima, friji na choo huharibika kwa zamu, na mstaafu hana mshahara wa mwezi ujao wa kufidia. Kama huna nyumba, una njia mbili: weka kodi ya pango kama matumizi ya kudumu, au fungua bajeti tofauti ya ujenzi. Usichanganye fungu la ujenzi na akiba ya uzeeni. Likianza kuchanganywa, saruji hushinda kila mara.

Kwenye afya angalia unasimama wapi. Mtumishi wa umma aliyechangia NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, mpaka kustaafu huendelea kuhudumiwa pamoja na mwenzi wake. Aliyeko sekta binafsi mwenye bima ya kampuni, kadi yake hukoma pamoja na ajira, kwa hiyo gharama ya bima iingie kwenye bajeti kama mstari unaojitegemea.

Hatua ya 3: Kokotoa pensheni yako

Kanuni inayotumika tangu Julai 2022, ambayo watu wengi wanaiita tu kikokotoo, inaanza hivi:

Pensheni kamili ya mwaka = (idadi ya miezi uliyochangia ÷ 580) × wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu iliyokuwa na mshahara mkubwa zaidi.

Pensheni hiyo hugawanywa sehemu mbili. Sehemu moja unalipwa kwa mkupuo, baada ya kuzidishwa kwa 12.5. Inayobaki inagawanywa kwa 12 na kuwa pensheni ya kila mwezi hadi mwisho wa maisha. Mwaka 2022 sehemu ya mkupuo iliwekwa asilimia 33. Bajeti ya 2024 ikatangaza kuipandisha, na si kwa makundi yote sawa. Uliza mfuko wako asilimia inayokuhusu wewe, kisha weka hiyo mahali pa 33.

Mfano wetu akifika 60 atakuwa na miezi 360. Mshahara wa mwaka ni 18,000,000.

- Pensheni kamili: 360 ÷ 580 × 18,000,000 = 11,172,000 kwa mwaka
- Mkupuo: 11,172,000 × asilimia 33 × 12.5 = karibu 46,000,000
- Pensheni ya mwezi: 11,172,000 × asilimia 67 ÷ 12 = karibu 623,800

Sasa rudia kwa mkupuo wa asilimia 40. Mkupuo unafika karibu 55,860,000, lakini pensheni ya mwezi inashuka hadi 558,600. Umeongezewa milioni 9.8 leo, umepunguziwa 65,000 kila mwezi maisha yote. Kwa hiyo mkupuo mkubwa haukuongezi utajiri. Unakulipa mapema pensheni ya miaka 12 na nusu. Ukivuka miaka 72 na nusu, hasara ni yako. Kelele za kikokotoo zimekuwa nyingi nchini, na wengi wanaopiga kelele hawajawahi kuandika namba hizi mbili upande kwa upande.

Mambo matatu ya kuangalia kabla ya kuendelea:

*Miezi 180.* Bila kufikisha miezi 180, yaani miaka 15, hupati pensheni ya kila mwezi. Utalipwa mkupuo, basi. Mwenye miezi 160 ana sababu nzito sana ya kuendelea kuchangia, hata kwa hiari.

*Mshahara unaokatwa mchango.* Serikalini mchango hukatwa kwenye mshahara wa msingi, mtumishi asilimia 5 na mwajiri asilimia 15. Posho haziingii. Mtu anayeishi kwa posho ataona kipato kinaanguka vibaya siku ya kwanza ya kustaafu. Kwenye sekta binafsi kwa kawaida ni 10 kwa 10, na kuna waajiri wanaoupasua mshahara vipande vya posho ili mchango uwe mdogo. Linganisha hati ya mshahara na taarifa ya mfuko: mchango wa pande zote mbili ukijumlishwa uwe asilimia 20 ya mshahara ambao mfuko unautambua.

*Kustaafu mapema.* Mfano wetu akiondoka na 55 anakuwa na miezi 300, na pensheni inashuka hadi karibu 519,800, wakati miaka ya kulishwa na pesa hiyo imeongezeka mitano.

Hatua ya 4: Punguza pensheni hadi asilimia 70

Hapa ndipo mfumuko unapoingia mara ya kwanza. Pensheni haina ahadi ya kupanda kila mwaka pamoja na bei. Nyongeza huja pale inapoamuliwa. Bei zikipanda asilimia 5 kwa mwaka na pensheni ikakaa palepale, baada ya miaka 10 shilingi 623,800 itanunua vitu vya 383,000 tu. Ukichukua wastani wa miaka 15 ya kwanza bila nyongeza yoyote, pensheni inakuwa na nguvu ya karibu asilimia 70. Nyongeza zitakazokuja tuziachie zibebe miaka ya baadaye.

623,800 × asilimia 70 = karibu 437,000. Hiyo ndiyo pensheni ya kuhesabia.

Hatua ya 5: Pata pengo, kisha zidisha

Matumizi 1,060,000 toa pensheni 437,000 = pengo la 623,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni karibu 7,480,000.

Zidisha pengo la mwaka kwa 20. Unapata karibu 150,000,000. Hilo ndilo fungu unalohitaji siku ya kuacha kazi, kwa shilingi ya leo.

Kwa nini 20? Ni fungu linaloweza kukulipa kiasi kilekile cha thamani kwa miaka 30, kutoka 60 hadi 90, kama uwekezaji wako utazidi mfumuko kwa asilimia 3 kwa mwaka. Ukistaafu na 55 tumia 22. Kanuni ya "mara 25" inayozunguka mtandaoni imetokana na historia ya soko la Marekani la hisa na hatifungani, yaani mikopo ambayo mwekezaji huipa serikali au kampuni kwa riba. Haina ubaya, ila haikupimwa kwa shilingi wala kwa hatifungani za serikali ya Tanzania.

Milioni 150 za leo zitasomeka karibu milioni 398 miaka 20 ijayo. Usishtuke na usijisifu: thamani ni ileile.

Hatua ya 6: Toa ulichonacho

Toa nusu ya mkupuo, siyo wote. Kwa mfano wetu ni milioni 23. Nusu nyingine huondoka yenyewe: paa, deni la mwisho, ada iliyobaki, gari la mkononi, na ndugu ambao wanaijua tarehe ya malipo kuliko wewe mwenyewe. Ukifanikiwa kuilinda, ni faida.

Kama tayari una akiba iliyowekezwa, izidishe kwanza kwa namba iliyo mbele ya miaka uliyobakiza hapa chini (ni faida ya asilimia 4 kwa mwaka juu ya mfumuko), kisha itoe:

- Miaka 10: 1.48
- Miaka 15: 1.80
- Miaka 20: 2.19
- Miaka 25: 2.67

Nyumba unayoishi usiitoe. Kwenye bajeti imekwisha kukusaidia kwa kukuondolea kodi ya pango. Shamba lisilolimwa na kiwanja kisicho na mpango wa kuuzwa navyo viache nje ya hesabu hii.

Mfano wetu hana akiba nyingine: 150 − 23 = milioni 127.

Hatua ya 7: Geuza fungu kuwa akiba ya mwezi

Kwa kila milioni 1 unayolenga, weka kiasi hiki kila mwezi. Hesabu imechukua faida ya asilimia 4 juu ya mfumuko:

- Ukibakiwa na miaka 5: 15,100
- Miaka 10: 6,800
- Miaka 15: 4,100
- Miaka 20: 2,750
- Miaka 25: 1,970
- Miaka 30: 1,460

Mfano wetu: 127 × 2,750 = karibu 349,000 kwa mwezi.

Hapa mfumuko unaingia mara ya pili. Kiasi hicho ni cha mwaka wa kwanza. Kila Januari kiongeze asilimia 5, iwe mshahara umepanda au haujapanda. Anayeweka 349,000 ileile miaka 20 atafika na fungu pungufu sana, na hatajua kosa liko wapi.

Hatua ya 8: Ikikushinda, rekebisha kwa mpangilio huu

349,000 kwa mtu anayepokea 1,117,000 ni karibu theluthi ya mshahara. Wengi wakifika hapa hufunga daftari. Usifunge, namba hii inashuka.

1. *Tafuta kipato kidogo cha kudumu.* Vyumba viwili vya kupangisha vya 60,000 kila kimoja ni 120,000. Toa robo kwa ajili ya ukarabati na miezi isiyo na mpangaji, inabaki 90,000. Fungu linashuka kwa milioni 21.6, na akiba ya mwezi inashuka kwa 59,000.
2. *Linda mkupuo wote.* Ukiwa umemaliza nyumba na madeni kabla ya kustaafu, unaweza kuhesabu milioni 46 badala ya 23. Akiba inashuka kwa karibu 63,000.
3. *Punguza bajeti ya uzeeni kwa 100,000.* Kuhamia mji mdogo, au kufuga na kulima mboga za nyumbani, kunaweza kuleta hiyo. Akiba inashuka kwa 66,000.

Yote matatu yakifanyika, unabaki na karibu 161,000 kwa mwezi. Inabana, ila inabebeka. Kama bado ni kubwa, anza na nusu na uahidi nusu ya kila nyongeza ya mshahara iende huko.

Usirekebishe kwa kupandisha matarajio ya faida. Ukiandika kwamba utapata asilimia 12 juu ya mfumuko, hesabu itapendeza na uzee utateseka.

Hatua ya 9: Pesa ikae wapi

Tenga vikapu viwili. Cha kwanza ni dharura: matumizi ya miezi mitatu hadi sita, mahali unapoweza kutoa ndani ya siku chache. Bila hiki, homa ya kwanza itavunja akiba ya uzeeni.

Cha pili ni cha muda mrefu. Hatifungani za serikali hununuliwa kupitia benki au dalali aliyesajiliwa, kuanzia 1,000,000, na hulipa riba mara mbili kwa mwaka. Ambaye hana milioni kwa mara moja aweke kidogo kidogo kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, kisha anunue hatifungani kiasi kikifika. SACCOS ya kazini ni nzuri kwa nidhamu ya makato, lakini isome: gawio la miaka mitatu iliyopita lilikuwa ngapi, hesabu zimekaguliwa na nani, na mikopo isiyolipwa ni kiasi gani.

Kumbuka riba hubadilika. Mwaka 2022 riba ya hatifungani mpya ya miaka 25 ilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, na tangu hapo imepanda na kushuka. Ndiyo maana hesabu yetu ilitumia faida ya chini. Ukistaafu na milioni 150 kwenye hatifungani ya asilimia 12, riba ni milioni 18 kwa mwaka. Pengo lako ni milioni 7.48. Usile zote 18: angalau milioni 7.5 zirudi kununua hatifungani nyingine ili mtaji ukimbizane na bei, na kinachobaki juu kiwe kinga ya mwaka ambao riba imeshuka.

Kwa aliyejiajiri

Wewe huna pensheni ya kutoa kwenye hatua ya 5, kwa hiyo pengo lako ni bajeti nzima. Mwenye bajeti ya 600,000 kwa mwezi anahitaji 600,000 × 12 × 20 = milioni 144. Ni nyingi, na ndiyo sababu ya kujiunga na NSSF kwa hiari, ambako mchango unaanzia 30,000 kwa mwezi. Usiishie kwenye kiwango hicho cha chini kama kipato kinaruhusu, kwa sababu mafao hufuata kipato ulichotangaza.

Kwa kipato cha msimu, kama cha korosho, pamba au uvuvi, usijilazimishe kuweka kila mwezi. Chukua akiba ya mwezi, zidisha kwa 12, uitoe yote siku ya mauzo kabla pesa haijalala nyumbani. Na biashara yenyewe usiihesabu kama fungu mpaka uwe na mtu anayeweza kuiendesha bila wewe. Duka linalofungwa ukiugua ni ajira.

Makosa yanayorudiwa

- *Kuchukua michango kila unapobadilisha kazi.* Miezi inaanza sifuri, na miezi ndiyo inayozidishwa kwenye kikokotoo.
- *Kukopa kwa dhamana ya mshahara miaka mitatu kabla ya kustaafu.* Deni linasubiri mkupuo mlangoni. Mikopo ya kausha damu ndiyo kabisa usiiguse.
- *Kuanza biashara usiyoijua kwa mkupuo.* Kama hujawahi kufuga kuku, banda la kwanza lisiwe la kuku 2,000. Jaribu na 100 ukiwa bado kazini.
- *Kuweka yote kwenye viwanja.* Kiwanja hakilipi Luku. Kuuza kwa haraka ni kuuza kwa hasara, na mgogoro mmoja wa mpaka unaweza kula miaka.
- *Kuamini faida ya mwezi ya asilimia 10 na kuendelea.* DECI, mchezo wa upatu ulioahidi faida kubwa, ilikuwa na wanachama wengi na imani kubwa mpaka ilipofungwa mwaka 2009. Mtindo haujabadilika, umehamia kwenye simu.

Mambo yakienda kombo

*Taarifa ya michango ina miezi mitupu.* Andika miezi hiyo moja moja, ambatisha hati za mshahara zinazoonyesha ulikatwa, peleka kwa mwajiri kwa maandishi na nakala kwenye mfuko. Fanya sasa. Mwajiri aliyefunga kampuni miaka 12 iliyopita ni mgumu sana kumpata, na ndiyo maana hati za mshahara hazitupwi.

*Majina hayafanani.* Juma J. Hassan kwenye mfuko, Juma Juma Hassani kwenye NIDA, J. Hassan benki. Hili peke yake huchelewesha malipo kwa miezi. Sahihisha kwa kiapo na nakala ya kitambulisho cha taifa ukiwa bado kazini, pamoja na tarehe ya kuzaliwa.

*Umebakiwa na miaka 5 na huna kitu.* Jedwali la hatua ya 7 litakutisha, kwa hiyo anza upande wa pili: maliza madeni, fikisha miezi 180, usiondoke na 55, punguza bajeti, tafuta kipato cha kudumu. Baada ya hapo mkupuo wote unakuwa fungu, hauna nusu ya kuchezea.

*Umepoteza kazi na umelazimika kugusa akiba.* Tumia kwanza kikapu cha dharura, halafu uliza mfuko kuhusu fao la kukosa ajira kabla ya kufikiria kujitoa. Ukirudi kazini, rudia hatua ya 6 na ya 7 kwa miaka iliyobaki. Usijaribu kulipa pengo lote ndani ya mwaka mmoja.

*Mtu amepiga simu akisema ni wa mfuko, mafao yako yamekwama, tuma kiasi kidogo yatoke.* Kata simu. Mafao hayalipiwi ili yatoke. Nenda ofisini mwenyewe na kitambulisho.

*Mshahara umepanda sana au mtoto amezaliwa.* Fanya hesabu upya yote. Hata bila mabadiliko, rudia kila baada ya miaka miwili, na kila mwaka ukishavuka 55, ukiwa na taarifa mpya ya michango mkononi.